Baba hakuonja pombe maisha yake yote, saratani ya koo ikampata yeye

Kwetu Rungwe kuna watu ukitaka kuwasema vibaya inabidi utunge, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Mwalimu wa shule ya msingi mpaka anastaafu, mzee wa kanisa la Moravian miaka na miaka, pombe hajaonja hata ile ya kuambiwa "onja tu mwalimu, ni ya harusi", sigara hajui hata inashikwaje. Alikuwa analipia ada watoto wa watu wakati sisi wanawe tunarithishana viatu, na sisi tulikuwa tunamnunia kweli kweli, sio kwamba tulikuwa malaika. Sasa huyo ndiye koo likaanza kumziba.

Ilianza na ugali. Tonge linagoma katikati ya kifua, anashushia na maji, anacheka, anasema uzee huo. Baadaye nyama ikashindikana, wali ukashindikana, ikabaki ndizi iliyoiva sana na uji. Huko nyumbani alitibiwa vidonda vya tumbo muda mrefu, dawa zile zile, mpaka shati likawa linaning'inia ndo mdogo wangu akampakia kwenye basi la kuja Dar. Wakamwingiza mpira wenye kamera kooni, wakakata kinyama, majibu yakatoka saratani ya koo la chakula na imeshasogea.

Yaani hata hatujajua tuanzie wapi, tayari kila mtu ana maelezo. Kwanza wale wa "hiyo si ni ya walevi?" Wanauliza kwa upole kabisa lakini unajua wanachotafuta, wanataka kusikia kwamba mzee alikuwa anajificha na chupa ili roho zao zitulie. Halafu wale wa ukoo, kwamba babu mzaa baba alikuwa na mambo yake ya mizizi na hayakuvunjwa vizuri. Kuna mmoja alikumbuka mpaka kesi ya mpaka wa shamba ambayo mimi sijawahi kuisikia. Wa tatu ni wale wa kiroho zaidi, kwenye grupu la familia la WhatsApp, Mungu anampima, Mungu ana kusudi, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, na vidole vya kusali viwili viwili. Na shangazi yangu, dada yake baba wa mwisho, ambaye siku hizi anasali kwa nabii mmoja hapa mjini, yeye akasema waziwazi: kuna mlango kaka kaufungua, autafute autubu.

Daktari yeye alikuwa na maelezo mafupi. Alimuuliza baba, "Mzee, chai unakunywaje?" Baba anakunywa chai inayotoka jikoni inafuka, hiyo ndo raha yake tangu namjua, ikipoa kidogo anairudisha. Daktari akasema inawezekana imechangia na inawezekana isiwe hiyo. Nikaenda kusoma, kumbe ukanda wetu huu wote wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini, saratani ya koo ipo juu kuliko sehemu nyingi za dunia, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya koo. Sigara na pombe zimo pia, na sababu zingine bado wanazitafuta. Sawa. Ila baba mkubwa anakunywa chai ile ile, birika lile lile, ana miaka mingi kumzidi baba na mpaka leo anatafuna mahindi ya kuchoma. Kwa hiyo hata ukipata sababu ya kitabibu, bado swali la kwa nini huyu na sio yule linabaki pale pale limekaa.

Tukaanza mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar. Jumatatu mpaka Ijumaa, mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni halafu bajaji, mzee amekaa dirishani na kopo lake. Hilo kopo niliseme kwa sababu aliyeuguza ugonjwa huu analijua, mgonjwa wa koo anafika mahali hata mate yake mwenyewe hayapiti, kila saa anatema. Baba alikuwa na kopo la plastiki la siagi lenye kifuniko, ndani tumeweka karatasi laini, analifunika na kitambaa cheupe alichokunja vizuri kama mtu anayebeba sadaka. Mtu aliyesimama mbele ya madarasa miaka yote ile, kwenye mwendokasi anageukia kioo ili watu wasimwone anatema.

Pale hospitali wanamchora mgonjwa alama kifuani, za kuonyesha mashine ipige wapi, na wanakwambia usizisugue zikafutika, na usipake mafuta sehemu inayopigwa. Jumamosi shangazi akaja na watu wa huduma yake watatu na chupa ya mafuta ya upako. Wakaomba, waliomba vizuri tu, siwezi kusema uongo, halafu yule kiongozi wao akamwambia baba afungue shati apakwe palipo na ugonjwa. Mke wangu akasema hapana, hospitali wamekataza. Kukawa kimya kibaya sana. Shangazi akasema hapo ndipo imani inapojaribiwa, unamwamini nani, alama ya kalamu au damu ya Yesu? Mimi nimeshaanza kupanda presha, baba akainua mkono akasema kwa ile sauti yake iliyobaki ya kukwaruza, "Mtumishi, nipake kwenye paji la uso. Yakobo kasema apakwe mafuta, hajasema wapi." Wakacheka wote, wakampaka kwenye paji, wakaondoka. Lakini kwenye ngazi nilimsikia shangazi akiwaambia wenzake, mnaona, kuna kitu anakilinda.

Hiyo sentensi ilinikaa. Mtu anaumwa, hawezi kula, anatema mate kwenye kopo, na juu ya hayo yote anatakiwa ajitetee kwamba yeye sio mhalifu. Hapo ndo nikaanza kusoma kitabu cha Ayubu, sio kwa kutaka kufarijiwa, nilitaka kupata mistari ya kumjibu shangazi, huo ndo ukweli.

Kile kitabu ni sura 42 na watu wengi wetu tunajua mbili za mwanzo na ile ya mwisho. Katikati huko ni ugomvi mtupu. Marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakuja, wanakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na kama wangerudi makwao siku ya nane wangekuwa mashujaa. Wakafungua midomo. Na ukisikiliza wanachosema kina harufu ya kanisani kabisa, Mungu ni wa haki, hamwonei mtu, tafuta ulipokosea, tubu utarudishiwa. Elifazi anafika mahali anamtungia kabisa madhambi, eti uliwafukuza wajane mikono mitupu. Ayubu anawakatalia, na sio kwamba yeye anaongea kwa adabu, anamwambia Mungu maneno ambayo mimi nikiyasema kwenye kipindi cha maombi nitaitwa ofisini kwa mchungaji. Halafu mwisho, sura ya 42, Mungu anamgeukia Elifazi anamwambia nimekukasirikia wewe na wenzako wawili, hamkunena yaliyo sawa juu yangu kama mtumishi wangu Ayubu. Niliisoma hiyo mara kadhaa. Waliomtetea Mungu ndo waliokosea, aliyelalamika ndiye aliyesema sawa. Na Mungu mwenyewe alipojibu, sura nne nzima za mvua ya mawe na mbuni na viboko vya mtoni, hakumwambia Ayubu hata mara moja ni kwa nini. Ile habari ya mbinguni ya mwanzo, ya Mungu na Shetani kumjadili Ayubu, ambayo sisi wasomaji tunaijua, yeye hakuambiwa.

Kitu kingine nilikigundua, au nisiseme nimekigundua, baba ndiye alinionyesha. Ilikuwa usiku, analala amekaa kwa sababu akilala chali anapaliwa, mimi zamu yangu. Nikamsomea ile ya Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Akanyamaza, akatema, akafunika kopo. Akasema, "Mwanangu, hayo maneno aliyasema nani?" Nikasema Ayubu. "Alimwambia nani?" Nikakosa jibu, maana hajamwambia mtu, alijisemea mwenyewe ameanguka chini kichwa kimenyolewa. Baba akasema, "Hakuna aliyemwambia Ayubu maneno hayo. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa, nimeyasema kwenye misiba sijui mingapi, kwa wanawake waliofiwa na watoto, nimesimama na Biblia nawaambia Bwana alitoa Bwana ametwaa. Ningejua ningeenda nyuma jikoni nikamenye nao ndizi."

Nikiulizwa nimejifunza nini katika ile miezi ni hicho, na nilifundishwa na mgonjwa. Yale maneno makubwa ya imani kuhusu mateso ni mali ya anayeteseka. Yeye akiyasema yana nguvu ya ajabu, mimi mzima nikiyachukua nikamrushia yanakuwa jiwe. Hata ile ya Warumi 8 ya mambo yote kufanya kazi pamoja kwa wema, ile tunayoituma na maua, aliyeiandika ni mtu aliyepigwa fimbo, aliyevunjikiwa na meli, na mistari michache mbele anataja dhiki na njaa na uchi na upanga kama mtu anayesoma listi ya vitu alivyovizoea. Paulo ana haki nayo. Na baba alikuwa na haki nayo, kuna siku alinitamkia mwenyewe nikalia. Mtu wa grupu la WhatsApp ambaye hajapiga hata simu, sina uhakika.

Baada ya hapo nikawa nasoma Biblia nikitafuta wagonjwa ambao hawakupona, na wapo, ila hawahubiriwi. Trofimo, mwenzake Paulo wa safari, Paulo anasema alimwacha Mileto mgonjwa, basi, mstari mmoja, hakuna aliyemuuliza Trofimo imani yake iko wapi, na aliyemwacha ni mtume ambaye leso zake ziliponya watu Efeso. Timotheo na tumbo lake na maradhi yake ya mara kwa mara, anaambiwa atumie divai kidogo, yaani anapewa dawa. Epafrodito alikuwa karibu kufa. Mwiba wa Paulo mwenyewe, aliomba mara tatu utoke, haukutoka. Na Matendo 12, ambayo ndo inanisumbua mpaka leo, Herode anamkamata Yakobo anamuua kwa upanga, anamkamata Petro, malaika anakuja usiku anamtoa gerezani. Sura moja, kanisa moja, Mungu mmoja. Tunaihubiri ya Petro kila mkesha wa mwaka mpya. Mke wa Yakobo kama alikuwepo, siku ile Petro anagonga mlango watu wanashangilia, yeye alikuwa anasikiaje? Luka hajaandika.

Na Yesu mwenyewe aliulizwa swali hili hili la shangazi. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, akawauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Yule kipofu wa kuzaliwa, wanafunzi hawana hata salamu, wanauliza nani katenda dhambi, huyu au wazazi wake, akasema huyu hakutenda wala wazazi wake, kazi za Mungu zidhihirishwe, halafu akatema mate chini akatengeneza tope, akaanza kazi. Mimi hapo napaona hivi: wao walitaka kesi, yeye akataka maji na tope. Najua wanateolojia watakuwa na zaidi ya hapo.

Sasa kuna watu watasema wewe umemaliza, Mungu ana kazi gani basi kama haelezi. Siwezi kuwajibu vizuri. Ninachojua dini yetu yenyewe inaanzia kwa mtu mwema kuliko wote kuuawa nje ya mji akiuliza mbona umeniacha, kwa maneno ya Zaburi ya 22, na juu yake hakusikika aliyemjibu. Kwa hiyo mkristo anayeshangaa kwamba mtu mwema anateseka, au anayesema akiteseka basi sio mwema, mimi namuona kama hajawahi kuangalia vizuri kile alichovaa shingoni. Ufufuo upo, naamini upo, baba amezikwa akiutumaini huo. Lakini ulikuja Jumapili, na Ijumaa watu wake walikuwa hawajui kama kuna Jumapili.

Wakati mimi nasoma hayo yote, mama watoto alikuwa anasaga mtori. Yeye ni Mchaga, na mtori kwao ni chakula cha wazazi waliojifungua, ndizi na nyama vinapikwa vinapondwa. Wa baba ukawa unapikwa mpaka nyama inachambuka yenyewe, unaingia kwenye brenda, unachujwa kwa chujio la chai mara mbili, na usiwe wa moto, unapimwa kwa kuweka tone kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto. Kikombe kimoja kinachukua saa nzima, kijiko kwa kijiko. Baadaye alipowekewa mpira wa kulishia tumboni, yeye ndiye aliyejifunza kwa nesi kusukuma kwa bomba la sindano na kuosha mpira kwa maji ili usizibe. Hapo mnielewe, kwa mila zetu sisi Wanyakyusa mkwe wa kike zamani hakutakiwa hata kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, anapishana naye njia, anajificha. Shangazi alilisema hilo pia, si ni mtu wa kusema. Baba akamjibu kwamba huyu sio mkwe, huyu ni Ebedmeleki.

Hatukumuelewa, mpaka akatutajia Yeremia 38 tukasome. Nabii ametupwa kwenye shimo la matope anazama, na mtu mmoja tu, Mkushi anayefanya kazi nyumba ya mfalme, anakwenda kumwombea, anapewa watu 30, anachukua kamba. Lakini kabla ya kuzishusha anapitia stoo ya mfalme anachukua matambara na nguo kuukuu, anamwambia Yeremia ayaweke chini ya makwapa, ndipo azipitishe kamba, asichubuke. Nimesali tangu utoto sijawahi kusikia mahubiri juu ya matambara yale. Mtu kafikiria mpaka makwapa.

Mionzi iliisha, akapata nafuu kidogo, akaweza kumeza chai (vuguvugu, kwa hasira), halafu ikarudi. Tulimrudisha Rungwe kwa sababu aliomba mwenyewe. Alifariki alfajiri moja ya kipupwe, ukungu mpaka mlangoni. Msiba ulikuwa mkubwa, wanafunzi wake walikuja mpaka ambao sasa wana wajukuu. Mhubiri alisema Mungu amechuma ua zuri kwenye bustani yake. Sikusimama, sikusema kitu, nilienda nyuma kwa akina mama nikaomba kisu, wakanicheka kidogo, wakanipa na ndizi za kumenya.

Shangazi tuliendelea kutofautiana. Kwake kaka yake alikufa na siri. Mwaka jana yeye sukari ikapanda, kidole cha mguu kikatoka kidonda hakiponi, na watu wa huduma yake, wale wale, wakaanza kumuuliza amefungua mlango gani. Alinipigia usiku anatetemeka kwa hasira, wananiuliza mimi, mimi niliyewafulia mapazia ya madhabahu! Nilikuwa na majibu mengi sana mdomoni, yamekaa tangu siku ile ya ngazi. Nikamuuliza, shangazi, unahitaji nini? Akanyamaza, akasema kidonda kinatakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja na yeye kushuka ngazi za kwake peke yake hawezi. Mama watoto ndiye anayempeleka, mimi Jumamosi. Kwenye gari ananihubiria njia nzima.